Kufunua Kindugu

Kombe lenyewe lilikuwa sufuria ya kupikia wali. Afadhali tuliseme hilo mapema, maana watu wa televisheni waliliita kombe la kihistoria, wakaliweka juu ya mto wa mahameli mwekundu na kulimulika taa kama limeteremka kutoka mbinguni. Ilikuwa sufuria ya shaba, pana tumboni, yenye masikio mawili. Sudha alipewa na mama yake siku alipoolewa Kisumu, na walipohamia London aliipakata mwenyewe ndani ya ndege, kwa sababu hakuwaamini watu wa mizigo.

Aliyeigeuza kombe ni mumewe, Mahendra. Ilikuwa sikukuu ya Diwali ya mwaka 1991, sebuleni kwao Queensbury. Kwa Wahindi kama wao, kucheza karata siku ya Diwali ni kujitakia baraka za mwaka mzima. Mwaka huo Mahendra aliamua kwamba sasa wamekua, wacheze poka, tena apatikane bingwa. Aliyeshinda ni Jaspal, rafiki yake wa tangu shuleni, na Mahendra, ambaye hakuwahi kufanya jambo dogo kama lingewezekana kuwa kubwa, akaingia jikoni, akatoka na sufuria na kumkabidhi mbele ya watu. Hakumuuliza mwenye sufuria. Sudha, aliyekwisha kushindwa mezani, alikuwa amesimama na trei ya chai, akacheka kama walivyocheka wengine. Ulitaka afanye nini, amnyang'anye mgeni?

Sufuria ikakaa kwa Jaspal mwaka mzima, ikarudi Diwali iliyofuata, ikaenda kwa mwingine. Na mashindano yakaanza kunenepa. Sebule ilipojaa walihamia ukumbi wa shule, na ukumbi ulipojaa walihamia hoteli moja Wembley, ambako walianza kuja watu wasiojua Diwali ni kitu gani: madereva wa teksi, wahasibu, Mgiriki mmoja mwenye duka la samaki. Mwaka 1999 kampuni moja ya kamari ikanusa harufu. Ikamwalika Mahendra chakula cha mchana, na alipomaliza kula alikuwa ameshauza jina, mashindano na sufuria. Alichobakiza ni kiti kimoja cha familia mezani kila mwaka. Sudha alipouliza habari ya sufuria aliambiwa asiwe na roho ndogo, kombe sasa ni la watu wote.

Kisha ukaja mtandao, na vijana waliojifunza poka vyumbani mwao bila hata kuvaa suruali. Zikaja kamera zilizofichwa kwenye ukingo wa meza, zinazoona karata ambazo mpinzani wako hazioni. Wachezaji wakawa mamia kwa mamia, na miwani myeusi, masikio yamezibwa kwa muziki, hawasalimii mtu. Katikati ya neema hiyo yote Mahendra akafariki. Kampuni ikaleta shada la maua kubwa kuliko mlango, ikabidi liachwe nje.

Mwaka 2006 ndipo ilipotangazwa kwamba huo ni mwaka wa mwisho London. Mashindano yangehamia Barcelona na kupata kombe jipya la kioo. Lile la zamani lingekuwa mali ya mshindi wa mwisho, abebe aende nalo kwake. Sudha akakalia kiti cha familia akiwa na jambo moja tu moyoni, sufuria ya mama yake irudi jikoni kwake. Bintiye Poonam, aliyezaliwa hapo hapo London, ambaye Kiswahili alikielewa chote na kukijibu chote kwa Kiingereza, alimwambia, "Mum, it's just a pot." Sudha angeanzia wapi kumweleza?

Basi usifikiri alifika fainali kwa kuhurumiwa. Alicheza tangu ile Diwali ya kwanza, kwa sababu Mahendra alipungukiwa mtu mmoja mezani, na kwa miaka kumi na mitano alikuwa amekaa akiwatazama wanaume wakidanganyana. Hiyo ni elimu tosha. Jumamosi ya fainali, jua la alasiri likiwa bado madirishani, meza ilikuwa imebaki na watu watatu. Mmoja ni Sudha, na sari yake ya buluu na sweta juu yake, maana ukumbi ulikuwa wa baridi. Wa pili ni Jaspal, amefunga kilemba cheupe, ana kete za dau nyingi kuliko wote. Wa tatu ni kijana aitwaye Luc, mpakiaji wa ghala moja huko Edmonton, ambaye mtangazaji alimtambulisha kuwa ni Mfaransa. Hakuna aliyejisumbua kumuuliza.

Yakatangazwa mapumziko. Jaspal akamfuata Sudha kwenye ujia, karibu na mashine ya kahawa. Wawili hawa mezani walilazimika kusema Kiingereza, maana kanuni haikuruhusu lugha nyingine, lakini wakiwa peke yao walisema Kiswahili cha Kisumu, kwa sababu Jaspal ni Kalasinga, lugha yake Kipunjabi, na Sudha ni Mgujarati, na Kiingereza waliona hakina joto la kuongelea mambo ya nyumbani.

"Shemeji," Jaspal akamwambia kwa sauti ya chini, "hiyo sufuria leo inarudi kwako. Tukibaki mimi na wewe tu kwenye karata, tutafunua kindugu, kama kwa Mahendra. Sitakutoza hata kete moja."

Kufunua kindugu ilikuwa sheria ya sebule ya Queensbury. Mahendra aliiweka ili Diwali isiishie kwa ugomvi: wakibaki ndugu wawili, au mtu na shemeji yake, hakuna kuongezeana dau tena, mnafunua karata, mnacheka, mnaendelea. Nyumbani ni adabu. Lakini kwenye mashindano makubwa ni wizi. Wachezaji wawili wakihurumiana, wa tatu ndiye anayeibiwa, na ikijulikana wamepatana, wote wawili hufukuzwa na majina yao hutangazwa. Jaspal aliijua kanuni hiyo kwa kusoma. Moyoni hakuwahi kuamini kwamba inamhusu yeye na mke wa Mahendra.

Na Sudha? Sudha alipaswa kumkatalia pale pale. Hakumkatalia. Alirekebisha pindo la sari, akanyamaza, kwa sababu aliitaka sufuria ile mpaka meno yalimuuma. Jaspal akauchukua ukimya huo kuwa ndiyo, akaenda zake chooni akiimba.

Sudha alipogeuka, Luc alikuwa amesimama nyuma ya mashine ya kahawa, na kikombe mkononi.

"Samahani, mama," akasema. "Miye pia niko nasikia Kiswahili. Natoka Bukavu."

Wahindi wawili wazee wa Queensbury wanapanga njama ujiani, na shahidi wao ndiye yule yule wanayetaka kumwibia. Sudha akamuuliza atafanya nini sasa. Luc hakuonekana kuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyekabidhiwa mzigo ambao hakuuomba.

"Sijajua, mama," akasema. "Niko nawaza."

Kengele ikalia. Wakaitwa mezani, na hapo Kiswahili kikafungiwa nje.

Hebu fikiria hali yake. Jaspal amekaa kulia kwake, ana amani, anamtazama kwa upendo wa kishemeji ambao ungewatia wote wawili aibu mbele ya taifa zima. Luc amekaa kushoto, anajua kila kitu. Na yeye katikati hawezi kumwambia Jaspal neno moja la kumwonya, maana kwa Kiingereza lingesikika na kila mtu, na kwa Kiswahili lingesimamisha mchezo. Alijaribu kumkazia macho. Jaspal akamrudishia tabasamu. Kuna wanaume ambao hata ukiwawashia taa nyekundu watakuuliza kama umenunua taa mpya.

Mizunguko kadhaa ikapita bila balaa. Luc alicheza kimya kimya, na kila alipotupa karata zake, yaani kujitoa kwenye mzunguko huo, Sudha aliogopa, kwa sababu hapo ndipo walipobaki yeye na Jaspal. Mara moja Sudha akatupa mwenyewe, kuikwepa hatari. Mara ya pili akatupa tena, ingawa alikuwa na jozi nzuri. Rundo lake la kete likaanza kupungua. Huwezi kushinda mashindano kwa kukimbia, na alilijua hilo.

Kisha zikaja zile karata. Luc alizitazama zake mbili, akazitupa. Sudha alikuwa na mfalme na tisa. Mgawaji akafunua tatu katikati ya meza: tisa ya kopa, nne ya kopa, mfalme wa pau. Jozi mbili, tena kubwa. Safari hii hakuwa na la kukimbilia, akaweka dau zito, na Jaspal akalifuata. Karata ya nne ikafunuliwa, mbili ya kopa.

Sudha akamtazama Jaspal.

Jaspal akipata karata nzuri dhidi ya mgeni hukaa wima na kuchezea ndevu. Akipata karata nzuri dhidi ya ndugu hutazama pembeni, kama mtu aliyefungua mlango na kumkuta mwenzake anavaa. Sasa alikuwa anatazama pembeni, tena mbali kabisa, kwenye bango la kutokea. Sudha hakuhitaji kamera. Mezani kuna kopa tatu, Jaspal mkononi ana nyingine mbili, na kwa jinsi shingo yake ilivyokuwa imepinda, mojawapo ni ree, karata kubwa kuliko zote. Kopa tano hushinda jozi mbili, na hizo hazikuwa na za kuzishinda.

Sudha akapita, yaani hakuweka kitu. Jaspal naye akapita, upesi, karibu kwa furaha. Nyuma ya pazia, mbele ya skrini, walikuwako watangazaji na wasaidizi wa msimamizi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Sudha alisikia wakinong'ona. Kamera ilikuwa imeona.

Karata ya tano na ya mwisho ikaja, sita ya uru. Haikubadilisha chochote. Ilikuwa zamu ya Sudha kusema, kisha Jaspal, na Jaspal ndiye wa mwisho. Kanuni ya hapo haina huruma: ukiwa wa mwisho kusema, na karata zako hazishindiki, huruhusiwi kupita wala kufuata tu. Lazima uongeze. Usipoongeza, kuna mtu unayembeba.

Sudha akafikiri upesi kuliko alivyowahi kufikiri maishani. Akipita, Jaspal atapita pia, watafunua kindugu, karata zitalala wazi mezani, na Luc atakuwa na haki ya kusimama na kusema alichokisikia. Akiweka dau dogo, Jaspal atafuata tu kwa upole, na mambo yatakuwa yale yale. Kulikuwa na njia moja ambayo ingemwachia Jaspal jambo moja tu la kufanya, na hilo likawa halali. Njia hiyo ni kuweka kete zote. Hapo hakuna kuongeza tena, atafuata na atakuwa safi. Na yeye Sudha atakuwa nje, bila sufuria.

Hasira ikampanda, na wala haikuwa hasira ya kumkasirikia Jaspal. Miaka yote hiyo vitu vyake vilikuwa vikitolewa na kurudishwa na wanaume wenye moyo mzuri. Mahendra aliitoa sufuria kwa ukarimu. Kampuni iliinunua kwa heshima zote. Sasa Jaspal anataka kumrudishia kwa hisani, kama mtoto anavyoachiwa ashinde mbio na mjomba wake. Na yeye alikuwa karibu kukubali. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba kule ujiani alinyamaza.

Akaweka viganja viwili nyuma ya kete zake, akazisukuma zote mpaka katikati.

"All in," akasema.

Jaspal akageuza shingo kutoka kwenye bango. Akamtazama Sudha, akatazama kete, akamtazama tena. Uso wake ukaanza kuelewa, polepole, na alichokielewa kikamtisha. Kama atafuata, atamfukuza mke wa Mahendra mezani kwa mkono wake mwenyewe na kumkosesha sufuria aliyomwahidi. Midomo yake ikacheza chini ya ndevu. Kisha Sudha akaona kitu ambacho hakukitegemea kabisa. Vidole vya Jaspal vilikuwa vinazisogeza karata mbele, taratibu. Alikuwa anataka kuzitupa. Alikuwa tayari kutupa karata zisizoshindika, mbele ya kamera, na kujimaliza kabisa, kuliko kumtoza shemeji.

"Jaspal bhai," Sudha akasema kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika kila kona ya ukumbi, "hapa mimi si shemeji yako. Cheza."

Msimamizi akainua mkono, na mchezo ukasimama. Alikuwa Mwingereza mrefu, mpole, mwenye uso wa mtu aliyekwisha kusikia uongo wa kila aina. Akamkumbusha Sudha kanuni ya lugha, akamwambia adhabu itafuata, lakini kwanza anataka kujua ni nini kilichosemwa. Akauliza kama yupo mtu hapo anayeelewa lugha hiyo zaidi ya hawa wawili.

Luc akainua mkono.

Ukumbi wote ukamgeukia yule Mfaransa wao. Sudha akatazama kitambaa cha kijani cha meza. Kijana alikuwa na haki yote. Neno moja tu kuhusu mashine ya kahawa, na wazee hawa wawili wangetolewa nje, ubingwa ungekuwa wake bila kutoa jasho. Na angekuwa anasema kweli tupu. Luc aliizungusha kete moja mezani mpaka msimamizi akamrudia swali, safari hii kwa ukali kidogo.

"She told him she's not family here," Luc akasema. "She told him to play."

Msimamizi akauliza kama ni hayo tu. Luc akajibu kwamba mezani, ni hayo tu. Akaacha kuizungusha ile kete.

Jaspal alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi, na hakuyaficha. Akazirudisha karata zake nyuma, akavuta pumzi, akasema anafuata. Akazifunua: ree ya kopa, saba ya kopa. Sudha akafunua mfalme na tisa zake. Watu wakapiga makofi, kwa sababu watu hupiga makofi kwa kila kitu, na mgawaji akazikokota kete zote kuelekea kwa Jaspal.

Sudha akasimama. Akampa Luc mkono, kisha akampa Jaspal, na Jaspal aliushika mkono huo kwa mikono yake yote miwili akamlaumu kwa kunong'ona kwamba amemfanyisha dhambi. Sudha akamjibu kwamba ni kinyume chake, amemwepusha nayo, halafu akaenda kukaa pembeni karibu na Poonam. Binti akavua koti lake akamfunika mama yake mabegani.

Alilia, ndiyo. Aliona uchungu kama siku ile ya trei, na zaidi, maana siku ile alicheka. Kutenda haki hakukumpunguzia chochote. Aliitaka sufuria yake, na ilikuwa pale juu ya mahameli, hatua chache tu kutoka kwake, ikimulikwa taa.

Jaspal na Luc walicheza mpaka jua lilipoondoka madirishani. Jaspal alicheza kwa nguvu zake zote, hilo kila mtu aliliona, alikaa wima na ndevu zake alizichezea vilivyo. Lakini kijana alikuwa bora. Karata ya mwisho ilipofunuliwa Jaspal akacheka, akamkumbatia, akamwambia kwa Kiswahili cha wazi kwamba sasa adhabu ya lugha haimhusu tena.

Wakamkabidhi Luc sufuria. Akapigwa picha nayo, ameishika kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. Mtangazaji akamuuliza ataiweka wapi. Luc akashuka jukwaani, akapita katikati ya waandishi wa habari, akaja mpaka alipokaa Sudha, akachuchumaa mbele yake. Hakumsogezea sufuria. Aliipakata magotini.

"Mama," akasema, "hii sufuria, unaitaka?"

Sudha aliipekua kumbukumbu yote, Queensbury na Wembley, jikoni na hotelini, akatafuta ni nani mwingine aliyewahi kumuuliza hivyo. Hakumpata hata mmoja. Mahendra aliyempenda hakumuuliza. Jaspal aliyekuwa tayari kuaibika kwa ajili yake hakumuuliza. Na yeye mwenyewe, kwa miaka kumi na mitano, hakuwahi kusema kwa kinywa chake kwamba anaitaka mbele ya mtu asiye wa nyumba yake.

"Naitaka," akasema. "Ni ya mama yangu. Naitaka sana."

"Basi kamata," Luc akasema, akaiweka mikononi mwake.

Ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka.